Faida za mfumo wa kompyuta zinapimika

Wengi huamini kampuni hazitathmini miradi ya mifumo ya kompyuta kiuchumi kwa sababu faida zake hazipimiki. Si kweli. Saa za kazi zilizookolewa, makosa ya ankara yaliyopungua, hata gharama kama ada za leseni na mafunzo: vyote vinahesabika. Kinachoogopwa ni jibu. Aliyeombea mradi fedha ndiye huachiwa kuupima, na hasara ikionekana atatajwa yeye.

BBC ya Uingereza ilifuta mradi wake wa kuhariri na kuhifadhi video kidijitali mwaka 2013, ikapoteza takriban pauni milioni 98. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilikuta kwamba hakuwahi kuteuliwa kiongozi mmoja wa kuwajibika kwa mradi mzima. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tathmini hufia: haina mwenyewe.