Uwanja wa kijiji huku Kusini: panga kwa kalenda ya korosho na mvua

Kijiji cha Mtwara au Lindi kinapoamua kujenga uwanja wa michezo, kikao cha kwanza huishia kwenye magoli, uzio na jukwaa. Hayo ndiyo mepesi kuliko yote. Kinachoua miradi hii ni wakati. Fedha za wananchi hupatikana kuanzia Oktoba minada ya korosho inapofunguliwa, na mvua nazo huanza Novemba au Desemba zikaenda mpaka Aprili au Mei. Kamati inayopata fedha Desemba ikaita greda Januari itaishia kwenye tope. Kanuni yangu ni hii: fedha za msimu huu zifanye kazi ya udongo kiangazi kijacho, Juni hadi Septemba, na nyasi zipandwe mvua zinazofuata zinapokaza. Ni mwaka mmoja na nusu tangu mchango wa kwanza hadi mechi ya kwanza. Viongozi wakiwaahidi vijana miezi mitatu, imani ya watu itaisha kabla ya fedha kuisha.

Kuna kalenda ya tatu, ya halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini vipaumbele vya vijiji hupita kamati ya maendeleo ya kata na kupanda wilayani miezi mingi kabla ya hapo. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ukiwa mezani kwa mtendaji wa kata kufikia Oktoba, mradi wenu una nafasi ya kuingia kwenye bajeti. Barua ya Machi itasubiri mwaka mwingine, hata kama diwani ni mtu wenu.

Ardhi kwanza, na kwa maandishi

Uwanja kamili wa mpira ni mita 105 kwa 68. Ongeza mita 5 kila upande za usalama, mnafika mita 115 kwa 78, yaani karibu ekari 2 na robo. Ukiweka kiwanja cha netiboli, choo, kivuli cha watazamaji na mtaro, ombeni ekari 4. Kama hazipo, sheria za mpira zinaruhusu urefu kuanzia mita 90 na upana kuanzia mita 45. Uwanja mdogo uliosawazishwa vizuri ni bora kuliko mkubwa wenye mashimo. Urefu uelekee kaskazini na kusini ili jua la saa kumi na moja jioni lisimpige kipa mmoja machoni.

Huku kwetu swali la ardhi ni swali la mikorosho. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja ina miti kama 28, na ekari 4 zina zaidi ya 110. Hiyo ni mali ya familia kwa miaka mingi. Msikubali maneno ya "mzee ametoa" yasiyo na karatasi, maana mzee akifariki wajukuu watadai, na watakuwa na haki ya kuuliza. Ama kijiji kibadilishane naye shamba kwa shamba kwa maandishi, ama mthamini ahesabu fidia ya ardhi na miti. Kisha halmashauri ya kijiji ipeleke jambo kwenye mkutano mkuu, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inavyotaka, na muhtasari utaje ukubwa, mipaka na majirani wa pande zote nne.

Msiishie kwenye muhtasari. Eneo liingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kama eneo la michezo. Lisipoandikwa hivyo, siku fedha za darasa au zahanati zitakapokuja kwa haraka, macho yote yatageukia "pale penye nafasi". Eneo likiwa la shule, andikeni makubaliano: saa za wanafunzi, saa za kijiji, nani anafyeka, nani analipa nyavu zikichanika.

Udongo na mgongo wa uwanja

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uwanja tambarare kabisa ni dimbwi. Unahitaji mgongo katikati na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea mistari ya pembeni. Kutoka katikati hadi pembeni ni mita 34, kwa hiyo mgongo uinuke sentimita 34. Watu wengi wakisikia hivyo huagiza kifusi. Hesabuni kwanza. Kuinua mgongo huo juu ya ardhi tambarare ni zaidi ya mita za ujazo 1,200 za udongo ulioshindiliwa. Udongo uliochimbuka huvimba, hivyo mtahitaji kama 1,500. Tipa la mita 7 litakwenda zaidi ya safari 210. Hakuna kijiji kinachopaswa kulipa hiyo.

Njia nyingine ni kukata pembeni na kujaza katikati. Mkishusha kingo sentimita 17 na kuinua mgongo sentimita 17, udongo unaohama ni kama mita za ujazo 300 tu, wote ndani ya uwanja. Hiyo ni kazi ya greda na shindilia, bila tipa hata moja. Sharti ni mtaro: kingo zikishuka, maji yatasimama hapo, kwa hiyo chimbeni mtaro wa nusu mita kila upande na uwe na pa kutokea. Mtaro usio na mwisho ni kisima. Msichukulie pwani yetu kirahisi katika hili. Kimbunga Kenneth mwaka 2019 na Hidaya mwaka 2024 vimetukumbusha kwamba Aprili na Mei si lazima mvua ziage kwa upole.

Kabla greda halijagusa kitu, ondoeni udongo wa juu wa sentimita 15 na kuulundika pembeni. Wengi huruka hatua hii ili kuokoa mafuta, halafu wanashangaa nyasi zimekataa. Kwenye uwanda wa juu wa Makonde, Newala na Tandahimba, rutuba iko kwenye tabaka hilo jembamba. Mkilifukia chini ya mgongo, juu mnabaki na udongo mwekundu mtupu. Sawazisheni, shindilieni kwa tabaka za sentimita 15, kisha mrudishe udongo wa juu bila kuushindilia sana. Visiki vya mikorosho ving'olewe na mizizi yake. Mzizi ulioachwa huoza, na baada ya misimu michache mnapata shimo katikati ya uwanja.

Vipimo vichukuliwe na mpima wa halmashauri. Akichelewa, mpira wa maji wa kupimia usawa, kamba na vigingi kila mita 10 vinatosha kuongoza greda, ila fundi awepo muda wote dereva anapofanya kazi. Mkandarasi wa barabara akiwa jirani na kijiji chenu, zungumzeni naye mapema. Gharama kubwa ya greda ni kulisafirisha, na likiwa tayari lipo mnaweza kubaki na mafuta na posho ya dereva.

Magoli: upana mita 7.32, urefu mita 2.44, nguzo isizidi sentimita 12. Bomba la chuma la inchi 4 lenye zinki linafaa, kwa sababu hewa ya chumvi inakula chuma kitupu. Goli moja linakula mabomba matatu ya mita 6. Boriti ya juu iungwe karibu na nguzo, kamwe si katikati, na ndani ya kiungo pawe na kipande cha bomba jembamba. Kiungo cha katikati hulegea na goli likapinda. Nguzo zizame sentimita 80 kwenye zege. Goli la kuegesha lisilofungwa ardhini huanguka juu ya watoto wanaoning'inia, na watoto hufa namna hiyo kweli. Katika hili sina mjadala.

Netiboli isiwe ya kusubiri

Mradi unaoanza na mpira wa miguu peke yake ni wa nusu ya kijiji. Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, ukiweka mita 3.05 za usalama pande zote unapata 36.6 kwa 21.35. Vipimo hivi vinagawanyika sawasawa katika vipande 84 vya mita 3.05 kwa 3.05, na hilo linarahisisha kila kitu. Kwa zege la unene wa sentimita 10 na mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), kipande kimoja kinakula mifuko 6 ya saruji. Jumla ni kama mifuko 500, mchanga mita za ujazo 35 na kokoto 70. Mwageni vipande kwa kuruka kimoja kimoja, ili mistari ya kati ibaki kama mikato na ufa usijichagulie njia.

Saruji si tatizo Mtwara, kiwanda kipo. Tatizo ni mchanga. Mchanga wa ufukweni una chumvi inayokula nondo na kuharibu zege. Tumieni wa mto, hata kama unatoka mbali. Maji kwenye mchanganyiko yasizidi lita 28 kwa mfuko, na zege lifunikwe magunia yaliyoloweshwa siku 7. Kiangazi cha Kusini kina upepo, na zege lisilomwagiliwa hutoa vumbi jeupe mwaka wa kwanza.

Uzuri wa vipande ni kwamba vinauzika. Familia, duka, msikiti, darasa la waliomaliza pamoja, kila mmoja anaweza kubeba kipande kimoja cha mifuko 6. Kama hata hivyo fedha hazitoshi, kiwanja cha udongo mwekundu ulioshindiliwa vizuri kinachezeka. Wekeni nguzo za mita 3.05 za kudumu na zege liacheni kwa baadaye.

Nyasi na maji

Pandeni ukoka. Unavumilia jua, chumvi na kukanyagwa. Andaeni kitalu msimu mmoja kabla: mita moja ya mraba iliyofunika vizuri hupandikiza takriban mita 10, kwa hiyo kitalu cha mita za mraba 700 kinatosha. Vipandikizi viwekwe sentimita 20 kwa 20 mvua zikishakaza, na uwanja upumzike angalau miezi mitatu. Ndiyo maana uwanja wa zamani usifungwe mapema.

Kumwagilia uwanja mzima kiangazi ni ndoto kwa vijiji vingi. Milimita 5 kwa siku ni zaidi ya lita 35,000 kila siku, na huko juu Makonde maji yenyewe yanasukumwa kutoka bondeni kwa gharama. Msiombe wafadhili kisima kwa ajili ya nyasi. Ukoka hulala kiangazi na kuamka kwa mvua. Mwagilieni mbele ya magoli na katikati, na punguzeni mechi Septemba na Oktoba.

Fedha zinatoka wapi

Mchango kupitia AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, ndio wenye nguvu kuliko yote, lakini uheshimiwe. Kijiji kinachouza tani 200 kikikata shilingi 5 kwa kilo kinapata milioni 1. Kwa shilingi 20 kinapata milioni 4. Uamuzi ni wa mkutano wa wanachama, si wa mwenyekiti wa kijiji, na ofisa ushirika ahusishwe kabla ya msimu kufunguliwa, maana makato hayaanzishwi katikati ya minada. Wasio na mikorosho, walimu, wavuvi, wenye maduka na bodaboda, wapangiwe kiwango chao. Mkulima akiona anabeba peke yake, mwaka wa pili atakataa, na atakuwa na haki.

Nguvu za watu ziandikwe. Kila siku ya kazi, kila debe la kokoto, lina bei kwenye daftari. Mfuko wa jimbo na halmashauri huongeza nguvu pale wananchi walipokwisha kuanza, na daftari hilo ndilo ushahidi wenu. Msipange kazi za mikono wakati wa kuokota korosho, wala miezi ya jando na unyago, hamtapata mtu.

Kampuni za gesi, saruji au madini ya kinywe Ruangwa zisiandikiwe barua moja kwa moja na kamati. Kampuni za madini hukubaliana na halmashauri mpango wa kila mwaka wa kusaidia jamii, kwa hiyo njia inapita kwa mkurugenzi. Ombeni kitu kimoja kinachoonekana na chenye makadirio ya mhandisi: mifuko 500 ya saruji, au siku kadhaa za greda. Barua inayoomba "msaada wa uwanja" haina pa kushikwa. Na msiambatanishe mchoro wa jukwaa kama la viwanja vya mjini, Nangwanda Sijaona wa Mtwara au Ilulu wa Lindi. Kijiji kinahitaji kivuli cha miti na mabenchi.

Akaunti iwe na watia saini watatu, mmoja mwanamke wa timu ya netiboli. Mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila mwezi.

Matunzo

Mimi hushauri sehemu moja ya kumi ya kila mchango itengwe tangu siku ya kwanza, na isiguswe kwa ujenzi. Itanunua nyavu, rangi ya magoli kila mwaka, udongo wa kujazia mbele ya magoli na posho ya mfyekaji. Kiingilio cha mashindano ya kata kiongezee hapo.

Mistari isichorwe kwa chokaa iliyochomwa na isiyopozwa. Inaunguza ngozi na macho ya kipa anayelala chini. Rangi ya maji iliyochanganywa nyepesi ni salama. Uzio wa minyaa pia hapana, utomvu wake ni hatari kwa macho, na mpira utaingia humo kila siku. Tena, uwanja ukipakana na mashamba, kubalianeni na majirani kuhusu salfa, dawa inayopulizwa kwenye mikorosho. Msimu wa kupuliza, Mei hadi Agosti, kazi hufanyika alfajiri upepo ukiwa umetulia, basi mazoezi ya watoto yasogezwe jioni, na jirani mwenye mashine ajulishe siku atakayopuliza.