Mwasisi wa kikapu aliyefungwa mara 60

Ubishi wa kikapu ukipamba moto kijiweni, hakosi wa kumtaja James Naismith: mchezo kaubuni yeye, halafu ndiye kocha pekee wa timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, aliyeondoka na vipigo vingi kuliko ushindi. Hapo hawajakosea. Kati ya 1898 na 1907 alishinda mechi 55, akafungwa 60. Yanayoongezwa baada ya hapo ndiyo ya kuchuja.

"Walianza kwa aibu." Mechi ya kwanza, 3 Februari 1899, timu ya YMCA (chama cha vijana wa Kikristo) ya Kansas City iliwafunga 16 kwa 5. Pointi 5 mechi nzima! Ila vuta picha ya mchezo wenyewe wa enzi hizo. Kikapu kikiingia, mpira unarudi katikati ya uwanja, mwamuzi anaurusha juu, wawili wanaurukia, ndipo mnaendelea. Kikiingia kingine, mnarudi tena katikati. Wala hapakuwa na saa ya kumharakisha mtu arushe. Mwaka 1896 chuo cha Chicago kiliifunga Iowa 15 kwa 12, na hizo zilikuwa pointi za kutosha kabisa. Isitoshe, YMCA hawakuwa vibonde: mchezo ulizaliwa kwenye chuo chao cha Springfield, Desemba 1891. Na msimu huo ulioanza kwa kichapo, Kansas waliumaliza na ushindi 7 dhidi ya vipigo 4.

"Walikuwa wabovu miaka yote." Ubovu hasa ni wa 1900–01: ushindi 4, vipigo 8. Lakini 1905–06 walishinda 12, wakapoteza 7.

"Alijua kubuni, hakujua kufundisha." Wengine humalizia na "mganga hajigangi", bila kujua kwamba Naismith alikuwa daktari kweli. Kansas walimwajiri asimamie ibada ya kanisani chuoni na mazoezi ya viungo. Timu ya kikapu ilikuwa jambo la pembeni. Kwake mchezo huu ulikuwa wa kujenga mwili na tabia, na mara nyingine alishika filimbi mwenyewe akawa mwamuzi. Husimuliwa kwamba mchezaji wake Forrest Allen, maarufu kama Phog, alipopata kazi ya ukocha, Naismith alimcheka: kikapu hakifundishwi, kinachezwa tu. Allen huyo alikuja kushinda mechi 590 akiwa kocha wa Kansas, na mikononi mwake wakapita Adolph Rupp na Dean Smith, makocha wawili wakubwa wa vyuo vya Marekani. Kwa hiyo kusema mzee hakuacha mwanafunzi, mimi naona ni kumwonea.

"Alifukuzwa." Nani amfukuze? Mwaka 1907 timu ilikwenda kwa Allen, na Naismith mwenyewe akabaki chuoni hapo hapo akifundisha hadi 1937, mwaka ule ule ambao kurudi katikati kila kikapu kinapoingia kulifutwa.