Usibandike namba juu ya herufi: jinsi programu inavyokokotoa hesabu zenye vigeu

Wengi wanaoandika kikokotoo kwa mara ya kwanza hupitia njia hii: mtumiaji anaandika max(x, 5), yaani kubwa kati ya x na 5, anasema x ni 7, basi programu inasaka kila herufi x na kuweka 7 mahali pake. Kinachotoka ni ma7(7, 5). Hapo angalau programu itagoma, nawe utajua. Balaa ni pale isipogoma. Chukua x^2, na x iwe -3. Ukibandika namba unapata -3^2, na lugha ya programu ya Python (kwake inaandikwa -3**2) itakujibu -9, kwa kuwa kipeo hutangulia alama ya hasi. Jibu lilipaswa kuwa 9. Ukizungushia mabano utaponya hili la pili. Lile la kwanza liko palepale.

Kusoma hesabu na kuikokotoa ni kazi mbili tofauti, na kigeu (herufi au jina linaloshika thamani, kama x) kibaki jina mpaka kazi ya pili ianze.

Kusoma huanza kwa kukata maandishi vipande: namba, majina, alama, mabano. Hapa max ni kipande kimoja, hakuna x ya kuchomoa ndani yake. Kinachosumbua ni alama ya kutoa, maana ina kazi mbili. Ikikaa mwanzoni kabisa, au ikifuata alama nyingine, mkato au mabano yanayofungua, ni ya hasi. Kwingineko ni ya kutoa.

Kisha kuna utaratibu wa nani aanze. Shuleni wengi tulikaririshwa MAGAZIJUTO, lakini ukiifundisha kompyuta herufi kwa herufi, 10 - 3 + 2 itakuwa 5, kwa sababu imejumlisha kwanza. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa ni daraja moja, vivyo hivyo kuzidisha na kugawanya, na wa daraja moja wakikutana, wa kushoto hutangulia. Vipeo ndivyo vinavyokwenda kinyume: 2^3^2 ni 512, si 64. (Excel nayo ina yake: ukiiandikia =-2^2 inakupa 4. Amua mapema utafuata upande gani, na uwaambie watumiaji wako.)

Mbinu ninayoipenda ilielezwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1961. Namba na majina huenda moja kwa moja kwenye foleni. Alama husubiri kwenye rundo, kama mabehewa yaliyowekwa njia ya pembeni. Tuipitishe a + b * 2. Herufi a inaingia foleni, + inakaa rundoni, b inaingia foleni. Inakuja *, ina nguvu kuliko +, kwa hiyo inakaa juu yake. (Ingekuwa alama ya daraja moja na +, kama ya kutoa, + ingetolewa kwanza.) 2 inaingia foleni. Maandishi yamekwisha, tunamwaga rundo kuanzia juu: a b 2 * +. Hakuna tena haja ya mabano wala madaraja.

Sasa ndipo vigeu vinapouliziwa thamani. Weka jedwali: a ni 3, b ni 4. Soma foleni kutoka kushoto. Ukikuta jina, chukua thamani yake uiweke kwenye rundo jipya. Ukikuta alama, toa mbili za juu, kokotoa, rudisha jibu. 3, 4, 2. Kuzidisha kunaacha 3 na 8. Kujumlisha kunaacha 11. Kwenye kutoa na kugawanya, ya juu kabisa ndiyo ya upande wa kulia. Ukichora grafu yenye nukta 1000, unasoma mara moja, unabadilisha jedwali tu.

Jina lisipokuwemo jedwalini, baadhi ya programu hulipatia thamani ya sifuri kimyakimya. Mimi husimamisha kila kitu na kulitaja jina hilo.

Na eval ya Python, ile amri inayotekeleza maandishi kama programu? Itamaliza yote haya kwa mstari mmoja, lakini maandishi yakitoka kwa mtu usiyemjua, itatekeleza pia amri ya kufuta mafaili yako.