Anza na taa nyeupe, rangi baadaye

Wanaojifunza kuendesha chombo cha baharini usiku hukimbilia rangi: nyekundu ni ubavu wa kushoto, kijani ni wa kulia, basi. Mimi huwaambia waanze na taa nyeupe za mlingotini. Kwa meli ya mita 50 na zaidi, hizo zinatakiwa zionekane maili 6 za baharini, taa za ubavuni maili 3 tu. Kwa hiyo utaziona nyeupe mapema, ukiwa bado na nafasi ya kufikiri.

Meli ya ukubwa huo hubeba nyeupe mbili, ya mbele chini, ya nyuma juu. Ile ya chini ndiyo inayokuonyesha iliko omo, yaani sehemu ya mbele ya meli. Ikiwa kushoto ya mwenzake, meli inaelekea kushoto kwako, na ikisogea utaona nyekundu yake. Zikiachana sana, imekupa ubavu. Zikianza kusogeleana, usiziondolee macho, maana inageukia kwako. Ingekuwa inakupa tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, nyeupe zote mbili zingepotea kabla hazijakaribiana sana, kwani mwanga wake unakomea nyuzi 22.5 nyuma ya ubavu. Baada ya hapo utabaki na taa moja ya tezi. Zikipangana moja juu ya nyingine, huku nyekundu na kijani zote zinawaka, omo imekulenga wewe. Kama nyote mnatumia injini, kila mmoja ageuze kulia.

Rangi peke yake haitoshi. Taa ya ubavuni huangaza nyuzi 112.5, na mwenye kuonyesha nyekundu anaweza kuwa anakujia karibu moja kwa moja, au ameshaanza kukuacha. Rangi moja isiyo na nyeupe juu yake huenda ni chombo kinachokwenda kwa tanga, na hapo huna nyeupe za kukusaidia kabisa.

Kujua inakoelekea bado si kujua kama mtagongana. Shika dira, pima iko upande gani, subiri kidogo, pima tena. Vipimo vikibaki vilevile huku inakaribia, hatari ipo. Ila kwa meli kubwa mno, au inayovuta chombo kingine, usiridhike hata vipimo vikibadilika: omo inaweza kukupita salama, na tezi, au kile kinachovutwa nyuma yake, bado kikakufikia.