Krimu ya asili ya bei mbaya: nijaribu au niache?

Swali: Nimenunua kikopo cha krimu ya uso Masaki. Kimetengenezwa kwa mkono, kwa nta ya nyuki, mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Bei yake ni mboga ya wiki mbili nyumbani kwangu. Muuzaji anasema ndiyo njia ya kale kabisa. Kweli?

Kwa hilo hajakudanganya. Mchanganyiko huo hutajwa kuwa wa Galen, tabibu wa Kigiriki aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2. Nta huyeyushwa ndani ya mafuta kwa moto mdogo, kisha maji hutiwa kidogo kidogo huku unapiga kama mayai ya keki, mpaka iwe nyeupe na nzito. Ukiipaka, maji hukauka na uso hupata ubaridi. Nta na mafuta hubaki juu, unyevu wa ngozi usitoke. Kazi yake ndiyo hiyo. Haifuti makunyanzi wala madoa. Bibi zetu wa Pwani walikuwa na liwa na mafuta ya nazi, na hawakulipa bei hiyo.

Swali: Basi ni salama, maana ni ya asili?

Upupu nao ni wa asili. Uliza kwanza jambo lingine: humo ndani mna maji? Nta na mafuta matupu hukaa muda mrefu, kwa kuwa vijidudu havipati maji ya kuvikuza. Ukishatia maji, hata ya waridi, umevijengea nyumba. Viwanda hutia vihifadhi. Baadhi ya wanaofuata njia ya kale hujisifu kwamba hawatii. Haya, lakini krimu ya namna hiyo itunze kama maziwa: iweke kwenye friji, ichote kwa kijiko kisafi badala ya kidole, uimalize ndani ya wiki chache. Kwa joto la Dar la Februari, na umeme ukikatika, hata hizo wiki chache usizitegemee sana. Ikibadilika harufu au ikiota ukungu, tupa, hata kama roho inauma.

Swali: Nitaijaribuje?

Usianze na uso. Paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, palepale, mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Wengi hujaribu usiku mmoja, wakaona shwari, wakajipaka uso mzima. Kumbe mzio wa ngozi mara nyingi hutokea baada ya siku mbili au tatu. Mwenye chunusi aangalie zaidi, maana mafuta mazito, hasa ya nazi, yanaweza kuziba vitundu vya ngozi.

Swali: Mimi ya kwangu imenitakatisha ndani ya wiki moja. Si ndiyo nzuri?

Hapo ndipo ninapoogopa. Nta na mafuta haviwezi kumfanya mtu mweupe kwa wiki. Shuku mkorogo uliovishwa jina zuri: zebaki, haidrokwinoni (dawa ya kung'arisha ngozi) au steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na mwasho). Zebaki hudhuru figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, na ukiacha ghafla uso unaweza kuwaka kama umemwagiwa pilipili. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini. Soma orodha ya viambato, na uulizie usajili wa TBS (Shirika la Viwango Tanzania), waliochukua kazi ya vipodozi kutoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) mwaka 2019. Kikopo kisicho na orodha, sina ushauri zaidi ya kutokipaka.

Kama umeshatumia kwa miezi, nenda kliniki ya ngozi, Muhimbili au kwingine, na kikopo chako mkononi. Usione haya, dada. Daktari anataka kukiona.

Swali: Naweza kuongezea manjano na limao?

Manjano yatakuchafulia foronya, basi, ila yajaribu kiwikoni vilevile. Limao na ndimu hapana: maji yake yakiwa ngozini ukatoka juani, yanaweza kukuunguza na kukuachia madoa meusi ya miezi.