Je, wajua kwa nini santuri ya jazi iliyotolewa upya inaweza kukudanganya?

Kwa zaidi ya miaka 30, wanamuziki waliojifunza kwa kupiga ala zao sambamba na Kind of Blue, santuri ya mpiga tarumbeta Miles Davis ya mwaka 1959, walikumbana na kero moja. Upande wa pili uliwakubali, upande wa kwanza ukawakataa. Mpiga tarumbeta aliweza kubana midomo, sauti ikapanda kidogo na kufuata. Mpiga piano hakuwa na pa kukimbilia: akibonyeza D, santuri inamjibu kwa sauti iliyoipita D kidogo lakini haijaifikia noti ya mbele yake. Wengi walilaumu ala zao, wengine masikio yao.

Kosa halikuwa lao. Nyimbo tatu za upande ule zilirekodiwa tarehe 2 Machi 1959 katika studio ya kampuni ya Columbia, Mtaa wa 30, New York. Siku hiyo mashine kuu ya kanda ilikuwa inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa, na hakuna aliyetambua. Kanda iliyonaswa polepole, ikija kuchezwa kwenye mashine yenye mwendo sahihi, hukimbia, na sauti hupanda. Nyimbo za upande wa pili zilirekodiwa tarehe 22 Aprili, na zenyewe zilitoka sawa. Bahati nzuri, ile siku ya Machi kulikuwa na mashine ya akiba iliyokuwa ikinasa pembeni kwa mwendo unaofaa. Kanda yake ilikaa ghalani hadi 1992, ndipo mafundi walipoitumia kutengeneza toleo lililorekebishwa. Kabla ya hapo, kila toleo jipya lilirudia kosa lile lile kwa uaminifu kabisa.

Hapo hakuna aliyekusudia kumdanganya mtu. Lakini mfano huu unaonyesha jambo ambalo wakusanyaji wa santuri za zamani wanalijua vizuri: kati ya mwanamuziki aliyepuliza na sikio lako wamekaa watu kadhaa, na kila mmoja ameamua kitu. Nani kaamua mwendo? Nani kaamua mkupuo upi, yaani upigaji upi wa wimbo ule ule, utumike kati ya mitatu au minne iliyorekodiwa siku moja? Nani kafuta mikwaruzo, na amefuta nini kingine pamoja nayo? Jalada halikuambii. Likikuambia, wakati mwingine linasema uongo.

Tuanze na mwendo, maana ndiko makosa yalikojaa. Tunaziita santuri za mizunguko 78 kwa dakika, lakini zile za mwanzo, hasa za kabla ya kurekodi kwa umeme kuanza mwaka 1925, hazikuwa na mwendo mmoja. Ipo iliyonaswa kwa mizunguko 74, ipo ya 80 na zaidi. Chukua ile ya 74, iweke kwenye mashine ya 78. Wimbo wa dakika 3 utakwisha kwa dakika 2 na sekunde 51, na sauti itapanda karibu nusu toni nzima. Msikilizaji wa kawaida ataona tu kwamba bendi ina haraka. Ni rahisi kuamini kwamba jazi ya zamani ilipigwa kwa papara, kumbe ni mashine.

Mkusanyaji husikiliza kii, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Bendi zenye tarumbeta, klarineti na tromboni hupenda kii zinazokaa vizuri kwenye vyombo vya kupuliza: F, B flati, E flati. Toleo jipya likikuletea bendi hiyo ikipiga katika B, mpiga klarineti atakwambia papo hapo kwamba hakuna bendi ya kujipatia riziki iliyojitesa hivyo. Shusha mwendo hadi B flati, na ghafla mambo mengine yanajipanga yenyewe. Mtetemo wa klarineti unaacha kulia kama mbuzi, mwimbaji anapata kifua, na piano inakuwa na uzito wa piano.

Ushahidi mwingine huletwa na ufa. Santuri za kale zilitengenezwa kwa shelaki, aina ya utomvu mgumu, na shelaki hupasuka. Santuri yenye ufa hutoa mlio wa "tik" kila inapomaliza mzunguko mmoja. Kwa mizunguko 78 kwa dakika, mlio huo huja kila baada ya sekunde 0.77. Sasa pima muda kati ya "tik" na "tik" kwenye toleo jipya. Ukipata 0.77 kamili kwenye rekodi inayojulikana kuwa ilinaswa kwa mwendo mwingine, umejua kwamba fundi aliweka santuri kwenye mashine, akabonyeza, akaenda zake. Nilipoelewa hesabu hii mara ya kwanza nilifurahi sana, kwa sababu kasoro yenyewe ndiyo inayotoa ushahidi.

Kasoro kama hizo hufichua pia wizi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, haki za rekodi zilikuwa zinadumu miaka 50. Mwaka 2011 iliamuliwa zirefushwe hadi 70, lakini rekodi zilizokuwa zimeshatoka kwenye ulinzi hazikurudishwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jazi ya miaka ya 1920 hadi 1950 iko huru huko, na yeyote anaweza kuitoa. Hilo lenyewe si baya. Baya ni kwamba kusafisha santuri ya shelaki ni kazi ya siku nyingi. Mwingereza John R. T. Davies, aliyefariki mwaka 2004, alijulikana kwa kuondoa mikwaruzo mmoja baada ya mwingine kwenye kanda kwa mkono wake. Lebo (kampuni ya santuri) ya bei rahisi haina subira hiyo. Inanunua CD ya fundi mwingine, inainakili, inabadilisha picha ya jalada, kisha inaandika kwamba imesafisha sauti upya. Mkusanyaji anaweka matoleo mawili pamoja. Mkwaruzo ambao fundi wa kwanza alishindwa kuuondoa uko palepale, noti ile ile, kwenye toleo la pili. Nakala mbili tofauti za shelaki haziwezi kukwaruzika mahali pamoja kwa namna moja, sawa na watu wawili wasivyoweza kuwa na kovu moja.

Hata hivyo, sikio lina mipaka yake. Kampuni ya Marekani ya Mobile Fidelity iliuza kwa bei ya juu matoleo mapya ya santuri, yakiwemo ya jazi, na wanunuzi waliamini kwamba kila moja limekatwa moja kwa moja kutoka kanda ya awali bila hatua ya dijitali katikati. Mwaka 2022 mwenye duka moja la santuri huko Phoenix, Arizona, alisema hadharani kwamba sivyo, na mafundi wa kampuni wakakiri: tangu 2011 walikuwa wakitumia faili za dijitali kwa mengi ya matoleo hayo. Kesi ilifuata, ikaishia kwenye makubaliano ya karibu dola milioni 25. Kilichowatia watu shaka kilikuwa hesabu. Kampuni ilitangaza nakala 40,000 za albamu moja kwa njia ambayo kila sahani iliyokatwa hutoa nakala chache tu. Ingebidi kanda ya awali ichezwe tena na tena. Nani angeruhusu kanda ya thamani ile isuguliwe hivyo? Watu wenye masikio makali walikuwa wameyasifu matoleo hayo kwa miaka, na sauti yake kweli ilikuwa nzuri. Lakini mtu aliuziwa kitu kwa jina la kitu kingine, na hilo halifutwi na uzuri wa sauti.

Kuna udanganyifu wa zamani zaidi ambao bado umejaa kwenye masanduku ya santuri za mitumba. Stirio, yaani sauti ya mikondo miwili, ilipoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni zilikuwa na maghala ya rekodi zenye mkondo mmoja tu wa sauti, ambazo ghafla zilionekana kuukuu. Capitol ilibuni mbinu iliyoiita Duophonic, RCA nayo ikawa na yake. Sauti nzito zilisukumwa upande mmoja, nyembamba upande mwingine, na mara nyingine upande mmoja ulicheleweshwa kidogo au kuongezewa mwangwi. Kisha jalada likaandikwa neno stirio kwa herufi kubwa. Vaa vipokea sauti usikilize: tarumbeta inatangatanga. Ikipiga chini iko kushoto, ikipanda inahamia kulia, kana kwamba mpigaji anakimbia huku na huku studioni. Kipimo cha mkusanyaji ni kuunganisha pande zote mbili ziwe moja. Stirio ya kweli huvumilia. Ile iliyocheleweshwa upande mmoja huwa tupu katikati, kama mtu anayeongea ndani ya ndoo.

Kwenye kusafisha sauti sitakaa sana. Kichujio kinachoondoa mvumo wa shelaki huondoa pia matoazi ya mpiga ngoma na pumzi ya mpiga saksafoni, kwa kuwa viko kwenye masafa yale yale. Rekodi ya mwaka 1923 iliyo kimya kabisa kati ya noti na noti imepoteza kitu.

Linaloniuma zaidi ni mkasi. Charlie Christian, mpiga gitaa la umeme katika bendi ya Benny Goodman, alikufa Machi 1942 akiwa na miaka 25. Katikati ya miaka ya 1950, Columbia ilipotoa rekodi zake kwenye santuri ndefu (LP), ilichukua wimbo wa Breakfast Feud, ikakata solo zake kutoka mikupuo tofauti na kuzigandisha mfululizo. Matokeo yake ni solo ndefu, tamu, ambayo Christian hakuwahi kuipiga. Kila kipande ni chake. Mpangilio si wake. Vijana walikaa na magitaa yao wakaikariri yote, wakitafuta fikra ya mtu mmoja inayotoka hapa kwenda pale, kumbe pale katikati pamekatwa wembe. Wakusanyaji waliokuwa na mikupuo yenyewe ndio walioweza kuonyesha kila kiungo kilipo. Hapa ndipo namba zilizochongwa karibu na kitovu cha santuri zinapokuwa na kazi: namba ya rekodi, kisha namba ya mkupuo. Vitabu vya orodha za rekodi, kuanzia kile cha Mfaransa Charles Delaunay cha mwaka 1936, vilijengwa juu ya namba hizo.

Isidhaniwe kwamba toleo la kwanza ndilo kweli daima. Usiku wa tarehe 7 Julai 1956, kwenye tamasha la jazi la Newport, Marekani, mpiga saksafoni wa bendi ya Duke Ellington, Paul Gonsalves, alipiga solo moja iliyozunguka wimbo mara 27 na kuamsha umati mzima. Columbia ilitoa santuri iliyoitwa ya tamasha. Kumbe Ellington hakuridhika na sehemu za onyesho, akairudisha bendi studioni siku mbili baadaye, na vigelegele vikapachikwa juu. Solo ya Gonsalves yenyewe ilibaki ya kweli, lakini ilisikika kwa mbali, kwa kuwa alipulizia maikrofoni isiyo ya Columbia. Ilikuwa ya redio ya Sauti ya Amerika. Kanda ya redio hiyo ilikuja kupatikana katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na mwaka 1999 toleo jipya liliunganisha kanda hizo mbili, Columbia upande mmoja, redio upande mwingine. Gonsalves akasogea mbele, na tamasha likawa na upana kwa mara ya kwanza.

Ellington huyo huyo alikuwa ameacha jambo kama hilo miaka mingi nyuma. Februari 1932 bendi yake ilirekodi kwa kampuni ya Victor misururu miwili ya nyimbo zake zilizounganishwa. Santuri zilizobaki zilikuwa na namba tofauti za mkupuo, na watu wakachukulia kwamba bendi ilipiga mara mbili. Wakusanyaji wawili wa Marekani, Brad Kay na Steven Lasker, walilinganisha nakala hizo kwa makini wakakuta kila noti iko mahali pamoja, hata kasoro ndogo za wapigaji. Upigaji ulikuwa mmoja. Mashine mbili zilikuwa zimeukata kwa wakati mmoja, kila moja na maikrofoni yake, zikiwa zimesimama mahali tofauti chumbani. Wakazioanisha, moja sikio la kushoto, moja la kulia, na mwaka 1985 zikatolewa kwenye santuri. Unasikia bendi ya 1932 imekaa mbele yako kwa upana wake wote, ala za shaba upande huu, saksafoni upande ule, na hakuna anayetangatanga.