Kondensa ya platini inafanya kazi gani hasa?

Waulize mafundi wa Vespa, wawe wa Mwanakwerekwe au wa Chake Chake, kondensa ni ya nini. Wengi watakujibu kwamba inazuia platini, yaani zile ncha mbili za chuma zinazogusana na kuachana ili kupitisha na kukata umeme, zisiungue. Si uongo, ila ni nusu ya jibu, tena nusu ndogo. Ingekuwa kazi yake ni hiyo tu, Vespa isiyo na kondensa ingewaka vizuri, ikamaliza platini mapema basi. Lakini ichomoe, weka platini mpya kabisa, upige kiki mpaka mguu uchoke: kwenye plagi utaona kijicheche dhaifu kisichoweza kuwasha petroli.

Ndani ya kile kikopo kidogo cha bati mna mikanda miwili ya alumini nyembamba, katikati yake pakiwa na karatasi au plastiki isiyopitisha umeme, yote imeviringishwa pamoja. Mkanda mmoja umeshikana na waya unaotoka nje, wa pili umeshikana na kikopo chenyewe, ambacho hufungwa kwa skrubu kwenye bodi. Umeme hauvuki kutoka mkanda huu kwenda ule. Chaji hurundikana juu yake kwa muda tu. Kondensa za namna hii huwa za maikrofaradi 0.2 hadi 0.3 hivi.

Kuelewa kazi yake lazima tuanze na koili, yaani nyaya mbili zilizozungushwa pamoja ili kupandisha volti za plagi. Nitachukua gari la zamani lenye betri ya volti 12, maana ni rahisi kulifuatilia; kwenye Vespa ya zamani umeme unatoka kwenye sumaku za flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, lakini platini na kondensa zinashirikiana vile vile. Platini zikigusana, mkondo unapita kwenye waya mnene wa koili na kujenga nguvu ya sumaku. Zikiachana, mkondo unakatika na sumaku inaporomoka. Kuporomoka huko ndiko kunakozalisha umeme kwenye waya wa pili, ule mwembamba, ambao mizunguko yake huweza kufika mara mia ya ule mnene. Na hapa kasi ndiyo kila kitu: sumaku ikiporomoka ghafla volti huwa nyingi, ikishuka taratibu huwa chache. Kanuni hiyo inatokana na majaribio ya Michael Faraday ya mwaka 1831.

Taabu ni kwamba mkondo ulio ndani ya koili haukubali kukatwa. Platini zinapoanza tu kuachana, upenyo ukiwa mwembamba kuliko unywele, koili inapandisha volti na kuusukuma mkondo uruke upande wa pili. Cheche inayotokea hapo inaunguza platini, ndiyo, lakini hasara kubwa zaidi ni kwamba mkondo haujakatika. Sumaku inashuka polepole, na nguvu iliyotakiwa ifike kwenye plagi inaishia njiani.

Kondensa imefungwa sambamba na platini. Zikianza kufunguka, mkondo unaingia humo kwanza, kama debe linalokinga maji wakati mtu anafunga bomba. Ikija kujaa, platini zimeshaachana vya kutosha na umeme hauwezi tena kuruka. Sasa mkondo umekatika kweli. Volti za upande wa waya mnene hupanda hadi 200, hata 400, kisha kondensa iliyojaa inairudisha chaji ndani ya koili kwa kinyume na kuimalizia kabisa ile sumaku. Upande wa plagi hapo unapata volti 15,000 hadi 25,000.

Ujanja huu ni wa zamani kuliko gari. Mfaransa Hippolyte Fizeau aliupendekeza mwaka 1853 kwa koili za maabara. Charles Kettering wa Marekani ndiye aliyetengeneza mfumo wa koili, betri na platini uliowekwa kwenye Cadillac za mwaka 1912.

Ukubwa nao una maana, kwa hiyo kupachika kondensa yoyote iliyopatikana si dawa. Iliyo ndogo mno inajaa kabla platini hazijaachana, na cheche zinarudi; iliyo kubwa mno inashusha kilele cha volti. Platini zenyewe hueleza: upande mmoja ukichimbika na mwingine ukiota kichuguu, kondensa inastahili kushukiwa.

Kondensa huharibiwa na joto na unyevu. Vespa inaondoka Chake asubuhi bila shida, kabla ya Wete inaanza kukohoa na kuzima, ikipoa inawaka tena. Koili mbovu nayo huleta tabia hii, lakini kondensa ni ya bei ndogo, ianze hiyo. Usiridhike na kipimo cha mita ikiwa ya baridi, kwa sababu mara nyingi huvuja ikishapata moto. Chungulia kwenye tundu la flaiwili injini ikinguruma: mimweko mikali ya buluu kwenye platini ni ushahidi mzuri. Na kwa hewa yetu ya chumvi, kabla ya kununua mpya fungua skrubu yake usugue kutu kwa msasa. Kikopo kisichogusa bodi ni sawa na kutokuwepo.

Bodaboda za siku hizi na mashine nyingi za boti hazina platini, zina CDI, kisanduku cha kielektroniki kinachowasha plagi. Ndani ya kisanduku hicho pia mna kondensa, ila kazi yake ni nyingine kabisa: inajazwa kwanza volti mia kadhaa, halafu inazimwaga zote kwa mkupuo kwenye koili. Kwa hiyo anayesema kondensa ndiyo inayotoa moto wa plagi yuko sahihi akizungumzia bodaboda, na amekosea akizungumzia Vespa ya platini.